Aliyekuja Wanafunzi Walipokwisha Kuondoka

Mwaka ule alipofiwa na mumewe, mama yangu mdogo, ambaye alikuwa ameishi na maradhi ya kisukari kwa miaka mingi pasipo kumshinda, alipelekwa hospitali mara tatu katika muda wa miezi mitatu, na mara zote tatu sukari yake ilikuwa imepanda kiasi cha kumtia katika usingizi usio wa kawaida, hata sisi aila yake tukaanza kunong'onezana yale maneno ambayo watu huyasema pale wanapoona mauti yanabisha hodi. Mara ya kwanza matabibu walimwongezea kipimo cha insulini. Mara ya pili wakamwongezea tena. Na mara ya tatu, alipodungwa wodini kipimo kile kile alichoandikiwa atumie nyumbani, sukari ilishuka ghafla usiku, akaloa jasho, akaweweseka, akawa anamwita marehemu kwa jina. Asubuhi yake daktari mkubwa alikuja na wanafunzi wanane waliovaa makoti meupe, wakakizunguka kitanda, naye akawauliza ni kwa sababu gani dawa isiyomtosha mtu nyumbani imzidi hospitalini. Mmoja akataja figo, mwingine ini, wa tatu akapindua kurasa za daftari lake, kisha kundi lote likahamia kitanda cha pili.

Yapata saa moja baadaye alikuja binti mmoja, afisa wa ustawi wa jamii, akavuta kiti, akaketi, akaamkia "Shikamoo, mama," akaitikiwa, akatoa pole ya msiba, na baada ya kimya ambacho hakukiharakisha akauliza: "Insulini yako, mama, huwa unaiweka wapi?" Likatoka jibu ambalo hata sisi tuliokuwa tukiishi naye hatukupata kulisikia. Nyumbani hapakuwa na jokofu. Dawa ilikuwa ikiwekwa kwa jirani, nyumba ya tatu kutoka kwake. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiifuata alfajiri na jioni. Na tangu alipoingia edani hakuwa akitoka, na kuwatuma wajukuu mlangoni pa watu kila kukicha aliona haya. Tena, akaongeza kwa sauti ndogo, hata lau haya hiyo isingalikuwapo, moyo wenyewe haukuwa ukitaka. Basi fumbo lote likawa limefumbuka: dawa haikuwa haimtoshi, bali ilikuwa haimfikii. Daktari alipopashwa habari alikirejesha kipimo cha zamani siku ile ile. Muuguzi akatufundisha namna ya kuihifadhi chupa ya dawa penye ubaridi wa mtungi wa udongo. Mjukuu mkubwa akajifunza kudunga. Na mnasihi wa hospitali akawa anazungumza na mama mdogo kila wiki, hata ule uzito wa moyo ukaanza kumwachia nafasi ya kupumua. Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Lakini jambo lililonikaa rohoni tangu siku hiyo ni kwamba wale wanafunzi wanane hawakuliona lolote katika hayo, na huenda mpaka leo, wakiwa matabibu kamili, wanaamini kwamba bibi yule alipona kwa kupunguziwa kipimo.

Sikileti kisa hiki ili nimlaumu daktari, aliyefanya kwa bidii kile alichofundishwa, wala ili kuwadunisha wanafunzi, kwani hakuna mwanadamu awezaye kujifunza asichoonyeshwa. Nakileta kwa sababu kinabeba dai langu lote, nalo ni hili: kumjua mwenzako katika kazi ya tiba, yaani kujua mnasihi ana ujuzi gani, afisa wa ustawi anaanzia wapi, mwanasaikolojia anaweza nini asichokiweza mwingine, na habari wanazozipata zinarudije kubadili tiba, ni sehemu ya utabibu wenyewe, na kwa hivyo ni haki ifundishwe na kutahiniwa kwa uzito ule ule tunaoupa majina ya mifupa na mikondo ya damu. Wanafunzi wetu hufundishwa rufaa, lakini shauri hawafundishwi. Rufaa ni kumwandikia mgonjwa karatasi na kumpeleka kwingine, na mara nyingi huwa ndio mwisho wa habari zake kwa yule aliyempeleka. Shauri ni kukaa na mwenzako juu ya mgonjwa mmoja, kila mtu akaweka mezani alichokiona, kisha wakatoka na kauli moja ambayo hakuna hata mmoja wao angaliifikia peke yake.

Ni vyema tuwataje watu hawa mmoja mmoja, madhali kuwachanganya ndiyo mwanzo wa kuwadharau. Yuko daktari bingwa wa magonjwa ya akili, ambaye ni tabibu kama matabibu wengine na anaandika dawa. Yuko mwanasaikolojia tiba, ambaye elimu yake ni nafsi na tabia, na chombo chake ni upimaji na mazungumzo yenye utaratibu, si vidonge. Yuko mnasihi, ambaye watu wengi humwita mshauri nasaha, ajuaye kumwongoza mtu kuvuka msiba, habari nzito, au ulevi anaotaka kuuacha. Yuko afisa wa ustawi wa jamii, ambaye anauangalia ugonjwa kutoka upande wa nyumba, fedha, ndoa, watoto na sheria. Yuko muuguzi wa afya ya akili, ambaye katika wilaya nyingi ndiye wa kwanza kumpokea mgonjwa na wa mwisho kuagana naye. Na yuko mhudumu wa afya ngazi ya jamii, asiye na shahada, lakini ndiye anayeujua mlango wa kila nyumba. Muulize mwanafunzi wa mwaka wa mwisho akupambanulie hawa, na aghalabu atakujibu kwa neno moja, "watu wa akili," kana kwamba kazi yao wote ni kumsubiri mtu atakayevua nguo sokoni.

Utengano huu wa mwili na nafsi si mila ya kale kama tunavyodhani. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, alitunga kitabu alichokiita Maslahi ya Miili na Nafsi, akakigawa sehemu mbili, moja ya siha ya mwili na nyingine ya siha ya nafsi, akaeleza kwamba mwanadamu ameumbwa kwa vyote viwili na kwamba kimoja kikiugua huenda kikamwuguza mwenziwe, na akasikitika kuwa matabibu wa zama zake waliishughulikia sehemu moja na kuiacha nyingine. Ama kwetu Afrika ya Mashariki, utengano ulijengwa kwa mawe. Hospitali ya akili ya Mathari, Nairobi, ilifunguliwa mwaka 1910, na ile ya Mirembe, Dodoma, ikafuata katika miaka ya 1920, zote zikiwa mahali pa kuwaweka watu mbali na wenzao, na neno Mirembe likaingia katika vinywa vya watu kuwa tusi, ingawa ndani ya hospitali hiyo wamefanya kazi, na wanaendelea kufanya kazi, waja wema waliowarudisha maelfu ya watu makwao. Kuta za mawe zilianza kutobolewa mapema katika miaka ya 1980, Tanzania ilipojaribu, katika mikoa ya Kilimanjaro na Morogoro, kuitia huduma ya afya ya akili ndani ya zahanati na vituo vya afya vya kawaida. Lakini zimebaki kuta nyingine zisizoonekana, nazo ni za vyuo: mwanafunzi wa udaktari anasomea huku, wa uuguzi kule, na wa ustawi wa jamii katika chuo chake, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, wote wanaandaliwa kumhudumia mgonjwa mmoja, nao hukutana kwa mara ya kwanza pembeni ya kitanda chake, wakiwa wamekwisha zoea kutojuana.

Watakaosema kwamba jambo hili ni geni kwetu wamesahau mapema mno yale tuliyojifunza kwa machozi katika miaka ya Ukimwi. Dawa za kurefusha maisha zilipokuwa bado hazijapatikana, na tabibu hana cha kuandika, waliosimama mlangoni walikuwa washauri nasaha. Uganda, mwaka 1987, Noerine Kaleeba na wenzake, wengi wao wakiwa wagonjwa au jamaa za wagonjwa, walianzisha TASO, shirika la kuwasaidia wenye Ukimwi. Na Tanzania, mwaka 1989, Theresa Kaijage, ambaye taaluma yake ilikuwa hiyo hiyo ya ustawi wa jamii, alianzisha shirika kama hilo, WAMATA. Watu hawa ndio waliozifundisha hospitali zetu kwamba kumwandaa mtu kabla ya kumpa jibu la damu yake ni kazi yenye ujuzi wake. Na dawa zilipofika hatimaye, kila kliniki ya tiba na matunzo ikatambua kwamba kidonge kisichosindikizwa na mtu wa kumsikiliza mnywaji wake hubaki ndani ya kopo. Haya tunayajua. Ninalostaajabu ni kwamba tuliyaruhusu yakae katika chumba kimoja tu cha hospitali, yasitoke kwenda kwa mgonjwa wa sukari, wa shinikizo la damu, wa kifafa, wala kwa mzazi aliyejifungua na ambaye hamtazami mtoto wake usoni.

Na kwamba shauri lina faida, si dhana tu, bali limepimwa. Huko Marekani, watafiti wakiongozwa na Jürgen Unützer walitangaza mwaka 2002 matokeo ya utafiti uliowahusu wazee 1,801 wenye sonona, katika kliniki 18 za kawaida. Nusu yao walitibiwa kama ilivyo desturi. Nusu nyingine waliwekewa msimamizi, muuguzi au mwanasaikolojia, ambaye aliketi humo humo kliniki, akimfuata mzee kwa simu na kwa miadi, akipima dalili zake kila mara, na kila wiki akiketi na daktari bingwa wa akili kupitia majina ya wale ambao hawakuwa wakipata nafuu, ili tiba yao ibadilishwe pasipo kungoja. Daktari bingwa huyo wengi wa wagonjwa hao hakuwaona kwa macho. Hikima yake iliwafikia kupitia kwa mwingine. Baada ya mwaka mmoja, wazee 45 katika kila 100 walikuwa wamepungukiwa na dalili kwa nusu au zaidi, ilhali katika wale waliotibiwa kwa desturi walikuwa 19. Dawa hazikuwa mpya. Kilichokuwa kipya ni mpango wa watu kuzungumza.

Na asije mtu akasema kwamba hayo ni ya matajiri. Zimbabwe, ambako madaktari wa akili wakati huo walikuwa wakihesabika kwa vidole, Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 katika kitongoji cha Mbare, mjini Harare, akiwa na nyanya 14 na mabenchi ya mbao nje ya zahanati. Nyanya hao hawakutumia neno sonona; walitumia neno la Kishona, kufungisisa, ambalo maana yake ni kufikiri kupita kiasi, na msomaji wa Kiswahili, ambaye kila siku anasikia watu wakisema "mawazo yamemzidi," hatahitaji kufasiriwa zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, wa watu 573, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliobaki na dalili za sonona miongoni mwa walioketi na nyanya walikuwa 14 hivi katika kila 100, na miongoni mwa wenzao waliopata huduma ya kawaida walikuwa 50. Na benchi lile limekwisha vuka bahari na kufika Zanzibar. Lakini nawaomba walimu wa utabibu walitazame benchi hilo kwa makini zaidi, maana halikusimama peke yake: lilikuwa kwenye uwanja wa zahanati, muuguzi akijua ampeleke nani hapo, na nyanya akijua ni nani amrudishe ndani haraka, hasa yule aliyetamka kwamba anataka kujiua. Bila ya elimu hiyo ya pande mbili, benchi lingekuwa ubao wa kukalia tu.

Basi mwanafunzi afundishwe nini? Kwanza afundishwe kuuliza na kupima. Lipo dodoso la maswali tisa ya sonona, lililokwisha kutafsiriwa kwa Kiswahili na kutumiwa katika kliniki zetu, ambalo huchukua dakika chache na alama zake hujumlishwa kutoka sifuri hadi 27. Mwanafunzi alijue kama anavyokijua kipimajoto, na ajue vilevile kwamba swali la tisa, linalouliza juu ya mawazo ya kufa au kujidhuru, haliulizwi ilhali mtu amesimama mlangoni. Pili afundishwe maneno ya kumtambulisha mwenzake, kwa kuwa hapo ndipo wagonjwa wengi hupotea. Ukimwambia mtu wa kwetu, "Nakupeleka kwa daktari wa akili," yeye amesikia, "Umekuwa mwendawazimu," na hutamwona tena. Lakini ukimwambia, "Bibi, huyu ni mwenzangu, tunakutibu sote wawili, mimi nashughulikia sukari na yeye atazungumza nawe juu ya usingizi na mzigo ulionao," kisha ukamshika mkono ukamfikisha, umemkabidhi kwa heshima kama anavyokabidhiwa mgeni kutoka nyumba hadi nyumba. Tatu afundishwe amana ya siri: kipi mnasihi atakirudisha kwake, kwa idhini ya mgonjwa, na kipi kitabaki baina yao wawili, kwani tabibu asiyeujua mpaka huo ama atadai ayajue yote, ama hatauliza lolote.

Nne, na hili ndilo gumu zaidi, afundishwe kusahihishwa na mtu ambaye hospitali imempa cheo kidogo kuliko chake. Mwanafunzi hajifunzi dharau kutoka kitabuni. Huisoma katika uso wa mkubwa wake pale afisa wa ustawi anapofungua kinywa na mkubwa akatazama saa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2010, lilieleza kwamba elimu ya pamoja ni pale wanafunzi wa taaluma mbili au zaidi wanapojifunza juu ya wenzao, kutoka kwa wenzao, na pamoja na wenzao. Hayo ni mambo matatu, na sisi, tukijitahidi sana, hufanya la kwanza tu: mhadhara mmoja juu ya kazi za watu ambao hawakualikwa kuja kuzieleza wenyewe. Napendekeza kila mwanafunzi wa udaktari na wa utabibu akae wiki mbili chini ya afisa wa ustawi au mnasihi, amfuate mgonjwa mmoja hadi nyumbani kwake, na alama zake zitolewe na afisa au mnasihi huyo. Na mwanafunzi wa ustawi wa jamii naye asimame wodini wakati wa kupitia wagonjwa, ajifunze kwa nini tabibu hawezi kungoja pale damu inapomwagika.

Haja hii imekuwa nzito zaidi siku hizi. Mwezi Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinapingana na Katiba. Ni hukumu ya insafu, na ninaishangilia. Lakini askari akiondoka pembeni ya kitanda, ni nani atakayekikalia kiti chake? Ikiwa daktari kijana, akiisha kumsafisha mgonjwa tumbo, hajui amwite nani, kwa maneno gani, na saa ngapi, basi sheria imemtoa mtu gerezani na sisi tumemwacha njiani.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba mtaala umejaa. Nami nasema ndivyo, na umejaa kwa sababu kila kilichoingia kilipiganiwa na mtu, na hiki hakijapata wa kukipigania. Nitaambiwa kwamba wilaya nyingi hazina mwanasaikolojia hata mmoja, basi ya nini kumfundisha mtu juu ya asiyekuwapo. Hoja hii inastahili jibu la taadhima, kwani ni ya kweli. Lakini pale walipo wachache ndipo panapohitajika zaidi tabibu anayejua ni wagonjwa gani wamfikie huyo mmoja, ni wapi muuguzi atatosha, na ni wapi mhudumu wa jamii na bibi mwenye busara wataweza, ili mmoja huyo asizikwe chini ya karatasi za rufaa zisizomhusu. Tena anayekijua kitu ndiye hukidai: mganga mkuu wa wilaya aliyepata kuona katika ujana wake kazi ya mnasihi, ndiye atakayeiandika nafasi hiyo katika bajeti yake.

Twapenda kuwakumbusha wagonjwa kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Mama mdogo hakuficha kitu, hakuulizwa. Na siku alipoulizwa, elimu ile ilipita mbele ya kiti kimoja na kitanda kimoja, ikapotea. Kwa hiyo, wakati mitaala ikingoja vikao vyake, nawaomba walimu wa wodini jambo dogo lisilogharimu hata shilingi: kundi la wanafunzi linapohama kwenda kitanda cha pili, mmoja wao aachwe nyuma, aketi kimya mpaka afisa wa ustawi au mnasihi afike, asikilize mazungumzo kwa ruhusa ya mgonjwa hadi mwisho, na kesho yake asubuhi, kabla mtu yeyote hajataja kipimo cha dawa, awe yeye wa kwanza kusema mbele ya daktari mkubwa ni nini alichokisikia.